Jinsi ya kuchagua nyuzi za gitaa la besi bila kupoteza fedha

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo humfaa mtu anayekimbia jua la shambani kwa kisingizio cha mpini mbovu, lakini kwa mpigaji wa gitaa la besi haina mashiko. Kwake yeye, asiyechagua nyuzi hulipa mara mbili: kwanza huzinunua zisizofaa, kisha humlipa fundi wa kunyoosha shingo ya gitaa iliyopinda.

Katika kaunti za Kericho na Bomet, suala hili si la mzaha. Wakulima wadogo wa majani chai hupokea malipo ya pili ya mwaka, maarufu kama bonasi, aghalabu kuelekea mwezi wa Oktoba. Punde si punde msimu wa harusi, harambee na mikutano ya makanisa huwa umebisha hodi, na vijana wenye bendi huitwa huku na kule, kuanzia Litein hadi Sotik na kuanzia Kapkatet hadi Longisa. Huo ndio wakati ambapo wengi hukumbuka kwamba nyuzi za besi hazijabadilishwa tangu mwaka uliotangulia.

Hapo ndipo makosa huanza. Mmoja wao hutumwa mjini akiwa na fedha za mchango mkononi, akaombe "nyuzi za besi". Muuzaji naye humkabidhi pakiti iliyo karibu. Siku ya tamasha uzi mmoja haufiki kwenye kigingi chake, wa pili unagonga freti kwa mlio wa bati, na wa tatu unatoa sauti kavu isiyosikika nyuma ya ngoma. Ikumbukwe kuwa seti ya nyuzi nne za besi hugharimu mara kadhaa ya seti ya nyuzi sita za gitaa la kawaida, kwa hivyo kosa kama hilo si hasara ndogo kwa kijana anayesubiri bonasi ya mzazi wake.

Ukweli ni kwamba jina la kampuni iliyotengeneza nyuzi ni swali la mwisho, wala si la kwanza. Kabla yake yapo maswali manne: gitaa lako lina urefu gani, linaweza kubeba nyuzi za unene gani, unapiga muziki wa aina gani, na hali ya hewa ya kwenu ikoje. Makala haya yanayafafanua moja baada ya jingine.

Kutoka kano hadi chuma

Nyuzi si jambo geni katika nyanda hizi. Kabla ya gitaa kufika, Wakipsigis walikuwa na kinubi chao kiitwacho chepkong'o, ambacho nyuzi zake za jadi zilitokana na kano za wanyama. Mnamo 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet na kurekodi nyimbo zilizoimbwa kwa kinubi hicho. Mojawapo ya zilizovuma baadaye ulimwenguni ni ule unaojulikana kama Chemirocha, jina linalotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani aliyeaga dunia mwaka wa 1933 na ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika hata vijijini humo.

Gitaa halikukawia kufuata. Katika miongo iliyofuatia, wanamuziki kama vile Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et walijenga muziki wa Kikalenjin wa magitaa ya umeme, nalo duka la Chandarana mjini Kericho likawa miongoni mwa vituo muhimu vya kurekodi na kuuza sahani za muziki huo pamoja na wa jamii jirani. Katika muziki wa aina hiyo, besi si pambo. Ndiyo inayomwambia mchezaji aweke mguu wapi.

Je, kwa nini kano zilizofaa kwenye chepkong'o hazifai kwenye besi ya umeme? Jibu liko chini ya nyuzi zenyewe. Gitaa la umeme lina vipande vya sumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ambavyo wanamuziki huviita pikapu. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hiyo, husumbua nguvu zake na kuzalisha umeme kidogo ambao amplifaya huukuza. Kano, utumbo au nailoni tupu haziisumbui sumaku hata kidogo, kwa hivyo gitaa hubaki bubu.

Kwa sababu iyo hiyo, nyuzi za shaba nyeupe zilizotengenezewa magitaa yasiyo ya umeme husikika kwa unyonge zikiwekwa kwenye besi ya umeme. Sehemu kubwa ya uzi wa namna hiyo si chuma, na sumaku huiona kwa shida. Kanuni ya kwanza basi ni hii: hakikisha pakiti inasema waziwazi kwamba nyuzi ni za besi ya umeme.

Urefu kabla ya yote

Besi ya umeme kama tunavyoijua leo ilianza kuuzwa mwaka wa 1951, wakati Leo Fender wa California, Marekani, alipoitoa ile iitwayo Precision Bass. Sehemu ya uzi inayotikisika, yaani kutoka kwenye daraja hadi kwenye kipande chenye mifereji kilicho kichwani mwa shingo, ilikuwa na inchi 34, sawa na takriban sentimita 86. Hadi sasa besi nyingi hufuata kipimo hicho.

Hata hivyo, si zote. Zipo besi fupi za inchi 30, ambazo hupendwa na wanafunzi na watu wenye mikono midogo. Zipo pia za inchi 32, na nyingine za inchi 35, hasa zile za nyuzi tano. Kwa macho tu mtu hawezi kuzitofautisha kwa uhakika, hivyo chukua futi ya fundi cherehani na upime kabla ya kuondoka nyumbani.

Kwa nini kipimo hiki kina uzito? Kwa sababu uzi mnene wa besi hupunguzwa unene au kuvishwa hariri karibu na ncha yake ili uzunguke kigingi bila kuvunjika. Ukinunua uzi mfupi kwa gitaa refu, ile sehemu ya hariri itaangukia ndani ya eneo la kupigia na sauti itaharibika, au uzi wenyewe hautafika. Ukinunua mrefu kwa gitaa fupi, utalazimika kuuzungusha ukiwa bado mnene, na waya wake wa nje waweza kufunguka au kukatika.

Tazama pia nyuma ya gitaa. Katika baadhi ya besi, nyuzi hupitishwa kwenye matundu ya mwili kutokea nyuma badala ya kuanzia kwenye daraja. Gitaa la aina hiyo huhitaji nyuzi zenye urefu wa ziada wa inchi moja au mbili.

Unene na mkazo

Baada ya urefu huja unene. Unene wa nyuzi hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi, na ndizo namba zinazoandikwa kwenye pakiti. Seti ya kawaida ya nyuzi nne huwa na 45, 65, 85 na 105. Nyepesi huweza kuwa na 40, 60, 80 na 100, ilhali nzito hufika 50 kwa uzi mwembamba na 110 kwa uzi mnene.

Namba hizi si mapambo. Kila uzi hulazimishwa kutoa sauti maalumu: uzi mnene wa E hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, A mara 55, D mara 73 na G mara 98. Ili uzi mzito zaidi utoe sauti ile ile kwa urefu ule ule, sharti ukazwe zaidi. Uzi ukiwa na uzito maradufu, mkazo nao huwa maradufu.

Seti ya 45 hadi 105 kwenye besi ya inchi 34 huivuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 80 nyuzi zote nne zikijumlishwa. Huo ni uzito wa mtu mzima anayening'inia kwenye kipande cha mbao usiku na mchana, mwaka mzima. Ukibadilisha na kuweka seti nyepesi ya 40 hadi 100, mzigo hupungua kwa kilo 10 hivi. Ukiweka nzito, huongezeka.

Ndiyo maana shingo hupinda mtu anapohama ghafla kutoka seti nyepesi hadi nzito. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayokabiliana na mvuto huo, nayo huhitaji kurekebishwa kila unene wa nyuzi unapobadilika. Asiyeifahamu kazi hiyo na ampelekee fundi. Anayejaribu mwenyewe asizidishe robo mzunguko kwa wakati mmoja, kisha alipumzishe gitaa kabla ya kupima tena.

Ni nani basi anayefaa nyuzi nyepesi? Anayeanza kujifunza, ambaye vidole vyake bado ni laini, na yule anayepiga kwa kasi. Nyuzi nzito humfaa anayepiga kwa nguvu na anayetaka sauti iliyoshiba. Aidha, zinaifaa bendi inayoshusha sauti ya magitaa yote ili kumfuata mwimbaji. Ukishusha nyuzi kwa nusu sauti, mkazo hupungua kwa zaidi ya sehemu 10 kwa kila 100. Ukishusha kwa sauti nzima, hupungua kwa zaidi ya 20. Nyuzi nyepesi zikishushwa hivyo hulegea na kugonga freti, na huo ndio mlio wa bati ambao mara nyingi mpigaji husingiziwa.

Kwa mwenye besi ya nyuzi tano, uzi wa chini wa B hutikisika mara 31 hivi kwa sekunde na huwa na unene wa 125 hadi 135. Seti ya nyuzi nne haiwezi kumfaa hata akinunua mbili.

Sura ya waya

Uzi wa besi si waya mmoja. Una kiini cha chuma cha pua katikati na waya mwingine uliozungushwa juu yake, wakati mwingine tabaka mbili au tatu. Sura ya waya huo wa nje ndiyo inayobainisha sauti kuliko kitu kingine chochote.

Aina ya kwanza ni ile ya waya wa mviringo, ambayo pakiti zake huandikwa Roundwound. Ukiipitishia kidole utahisi matuta madogo madogo kama ya msumeno butu. Sauti yake ni kali, inayong'aa na kudumu kwa muda. Ilipata umaarufu kuanzia mwaka wa 1966, kampuni ya Rotosound ya Uingereza iliposhirikiana na mpiga besi John Entwistle wa kundi la The Who kuunda nyuzi ambazo zingesikika sawasawa kama za piano. Leo hii, hii ndiyo aina inayopatikana kwa wingi zaidi madukani.

Aina ya pili ni nyuzi bapa, ziitwazo Flatwound. Hizi huzungushiwa utepe wa chuma uliolala, hivyo huteleza kama kioo chini ya kidole. Sauti yake ni nene, tulivu na fupi, nayo haina ule mkwaruzo wa vidole vinapohama. James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za kampuni ya Motown nchini Marekani, alitumia nyuzi za aina hii na alisifika kwa kukataa kuzibadilisha hadi zikatike. Ubaya wake ni bei ya juu na ugumu. Seti bapa mara nyingi huwa na mkazo mkubwa kuliko ya mviringo yenye namba zile zile.

Baina ya hizo mbili kuna nyuzi zilizosuguliwa nusu, ambazo waya wake huwa wa mviringo kisha hulainishwa upande wa nje. Huchukua tabia kidogo ya kila upande. Mwishowe ziko nyuzi za utepe wa nailoni mweusi, ambazo chini ya nailoni zina chuma kinachoziwezesha kusikika kwenye sumaku. Sauti yake hukaribia ile ya besi kubwa ya kusimama, na vidole hugusa nailoni badala ya madini. Tahadhari: nyuzi hizi huwa nene kiasi kwamba huenda zisiingie kwenye mifereji ya kichwa cha shingo bila kupanuliwa na fundi.

Madini nayo

Waya wa nje huweza kuwa wa chuma kilichopakwa nikeli, nikeli tupu au chuma kisichoshika kutu. Chuma chenye nikeli ndicho cha kawaida. Ni laini kwa vidole na hakili freti haraka. Nikeli tupu hutoa sauti yenye joto na upole zaidi. Chuma kisichoshika kutu hutoa sauti kali kuliko zote na hustahimili jasho, lakini ni kigumu na hulika freti mapema zaidi.

Zipo pia nyuzi zilizopakwa utando mwembamba unaozuia jasho na uchafu kuingia katikati ya waya. Bei yake ni ya juu, ila hudumu muda mrefu. Kwa anayepiga kila juma, hesabu ya mwaka yaweza kumwonyesha kwamba aghali ndiyo rahisi.

Unapiga muziki gani?

Sasa tuingie jukwaani. Katika muziki wa kasi wa magitaa, uwe benga au mtindo wa Kikalenjin unaokaribiana nayo, besi hurukaruka na kujibizana na gitaa la solo. Kila noti sharti ianze na kukatika waziwazi, la sivyo zitavurugana kama uji. Hapa nyuzi za mviringo za chuma chenye nikeli, unene wa 45 hadi 105 au wepesi kidogo, ndizo zinazofaa wengi.

Kwa kwaya na nyimbo za ibada za mwendo wa pole, ambapo besi hushikilia sauti chini ya waimbaji, nyuzi bapa au zilizosuguliwa nusu hukaa vyema. Haziwafuniki waimbaji wala hazikwaruzi katika kipindi cha ukimya wa maombi. Rege na rumba ya pole pia hupatana nazo, na hata na zile za nailoni.

Lakini vipi kuhusu bendi inayopiga kanisani asubuhi na harusini jioni, kwa besi moja? Hiyo ndiyo hali halisi ya wengi. Ushauri wa busara ni kuweka nyuzi za mviringo, kisha kupunguza ukali kwa kitufe cha toni kilicho kwenye gitaa lenyewe. Ukali uliopo waweza kupunguzwa. Usiokuwapo hauwezi kuongezwa kwa kitufe.

Jambo jingine ambalo wanunuzi husahau ni spika. Mtikisiko wa mara 41 kwa sekunde huhitaji spika kubwa. Spika ndogo, na zile za pembe zinazofungwa juu ya gari au mti, haziwezi kuutoa. Kinachosikika ni mitikisiko ya juu inayoandamana nao, na sikio la msikilizaji hujaza lililobaki. Nyuzi za mviringo zina mitikisiko mingi ya juu, kwa hivyo hata kwenye spika hafifu besi bado hufuatika. Nyuzi bapa kwenye spika kama hiyo hupotea kabisa. Kabla ya kuzilaumu nyuzi, litazame sanduku la spika.

Mvua, ukungu na jasho

Nyanda za chai zina baraka ambayo ni adui wa chuma. Kericho iko katika mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka. Ndiyo sababu majani chai hustawi humo. Hewa iyo hiyo yenye unyevu huingia ndani ya nyumba na kwenye mkoba wa gitaa. Mbao hufura na kunywea, shingo hujongea, na nyuzi hupata kutu.

Hata hivyo, kinachoua nyuzi kwanza si kutu bali uchafu. Jasho, mafuta ya ngozi na vumbi hujaa katika vijia vya waya na kuuzuia usitikisike kwa uhuru. Anayetoka moja kwa moja kuchuma majani chai na kushika besi huongeza jambo jingine: utomvu wa majani mabichi, ule unaoacha vidole vikiwa vyeusi, hushika nyuzi pia. Kunawa mikono kwa sabuni na kuikausha vizuri ni ulinzi usiogharimu chochote.

Baada ya kupiga, pangusa kila uzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini. Usiliache gitaa likiegemea ukuta wenye unyevu wala karibu na jiko la kuni. Vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyopatikana ndani ya masanduku ya viatu vipya visitupwe. Vitie ndani ya mkoba wa gitaa.

Katika mazingira haya, nyuzi zenye nikeli zinazopanguswa kila mara, zile za chuma kisichoshika kutu, na zile zenye utando huwa na maisha marefu kuliko nyuzi za bei ya chini zisizotaja madini yake. Nyuzi bapa nazo hazihifadhi uchafu mwingi kwa kuwa hazina vijia vya wazi.

Je, kuchemsha kunasaidia?

Wanamuziki wengi wasio na fedha huchemsha nyuzi zilizochakaa. Hakika jambo hilo huleta nafuu, kwa sababu maji moto huyeyusha mafuta na kuondoa uchafu. Sauti hung'aa tena, lakini kwa muda mfupi tu, na uzi usipokaushwa kikamilifu hushika kutu kutoka ndani. Kuziloweka katika spiriti usiku kucha kisha kuzianika hufanya kazi ile ile bila maji. Ila spiriti ni kitu cha kushika moto, hivyo iwekwe mbali na jiko na taa ya mafuta, na isigusane na rangi ya gitaa.

Njia hizi ni za dharura. Uzi ulio na alama za kutu, uliolika mahali unapogusa freti, au usiokubali kutulia kwenye sauti yake, umefika mwisho. Nyuzi za mviringo ndizo zinazochakaa sauti mapema. Zile bapa huweza kukaa miaka kadhaa.

Kununua na kufunga

Unapofika dukani, kagua pakiti kabla ya kulipa. Iwe imefungwa, maandishi yake yasiwe na makosa ya tahajia, na ionyeshe namba za unene, urefu na madini. Pakiti yenye jina kubwa la kigeni lakini isiyo na namba hata moja ni ya kutiliwa shaka, kwa kuwa nyuzi bandia zipo sokoni. Ukiruhusiwa, chukua uzi wako wa zamani ulinganishe.

Nyumbani, badilisha uzi mmoja baada ya mwingine. Ukizitoa zote kwa pamoja, shingo huondolewa mzigo ghafla na gitaa litachukua muda kutulia. Acha urefu wa inchi nne hivi kupita kigingi, ukunje uzi kwanza, ndipo uukate sehemu ya mbele ya kunjo hilo. Ukiukata kabla ya kuukunja, waya wa nje waweza kuteleza juu ya kiini na uzi ukafa ukiwa mpya. Mizunguko miwili au mitatu inayoshuka kwenye kigingi yatosha.

Mwishowe pima ukweli wa sauti. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 na uupige ili utoe mlio mwembamba, kisha ubonyeze kwenye freti hiyo hiyo na kuupiga tena. Milio hiyo miwili iwe sawa. Ikiwa ule wa kubonyeza uko juu zaidi, sogeza kitako cha uzi huo kwenye daraja nyuma, mbali na shingo; ukiwa chini, kisogeze mbele. Zoezi hili la dakika chache ndilo linalotenganisha besi inayoafikiana na kinanda na ile inayowakera waimbaji bila wao kujua sababu.

Kwa hivyo, kabla ya fedha za mchango kwenda mjini, andika kwenye karatasi mambo haya: urefu wa gitaa kwa inchi, idadi ya nyuzi, unene wa nyuzi zilizopo, sura ya waya unayoihitaji na madini yake. Mpe karatasi hiyo yeyote atakayetumwa. Ikiwa duka halina seti inayolingana nayo, arudi na fedha. Bora bendi isubiri juma moja kuliko kupanda jukwaani na nyuzi ambazo gitaa halikuziomba.